Mji kasoro bahari, na kasoro kuogelea

Wadau, kuna picha yangu moja imezua maneno mtaani. Nimekaa ukingoni mwa maji, bukta imelowa, miguu inaning'inia, na nyuma yangu kuna umati wa Wazungu waliovaa kidogo kuliko mimi. Hapo ni Copenhagen, Denmark, mwishoni mwa Juni. Nilikuwa kule wiki tatu kwa mafunzo ya uandishi. Niliporudi nyumbani Kilakala, jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, aliitazama ile picha, akanirudishia simu yangu, akasema: "Yaani kijana wangu, umepanda ndege yote ile kwenda kuoga?"

Nilicheka, nikamwitikia tu, "Ndiyo baba." Lakini swali limenikaa kama mwiba wa samaki. Nimeona nilijibu, na jibu lenyewe halitamfurahisha yeye, wala wakubwa wa mji huu, wala waandishi wenzangu. Mimi mwenyewe pia halinifurahishi.

Ndiyo mzee wangu, nilikwenda kuoga. Katikati ya jiji lile, ndani ya maji ya bandari yenyewe, kuna mahali panaitwa Islands Brygge. Jiji limeweka mabwawa matano yanayoelea, yamezungukwa na sakafu ya mbao, na maji ni yaleyale ya bahari. Yalianza mwaka 2002. Hakuna geti wala tiketi, na hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Wakati wa majira yao ya joto waokoaji wanakaa juu wakiangalia. Mtu anatoka kazini na baiskeli yake, anavua suruali, anajirusha, anatoka, anajikausha, anakwenda kununua mkate. Kuna bibi wa umri wa nyanya yangu alipiga mbizi mbele yangu kichwa kikitangulia, nikashika mdomo.

Mabwawa mawili kati ya yale matano ni ya watoto. Na mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu na kitambulisho cha uandishi wa habari, nilikuwa ndani ya mojawapo ya hayo mawili, maji yakinifika mapajani. Sijui kuogelea. Katoto kamoja ka kike kakanitazama weee, halafu kakamuuliza mama yake kitu huku kakininyooshea kidole. Mama akacheka, akanitafsiria: "Anauliza kama umempoteza mtoto wako." Nikasema hapana, namtafuta mwalimu.

Mwalimu nilimpata, na wala hakuwa Mdenishi. Alikuwa dada mmoja wa Mombasa tuliyekuwa naye kwenye mafunzo. Alinishika kisogo, akanilaza juu ya maji. "Kaka, legeza shingo. Maji yatakubeba, wewe acha ubishi tu." Kwa hiyo Mwafrika Mashariki mmoja alimfundisha mwenzake kuelea huko Ulaya, wakati Morogoro na Mombasa zote ziko huku kwetu. Nilikuwa naelea lakini moyo umeniuma.

Tarehe 23 Juni jioni wao wana sikukuu ya Sankt Hans. Jua linazama karibu saa nne usiku. Watu wanakusanyika ufukweni, wanaimba, wanawasha moto mkubwa, na juu ya ule moto wanaweka sanamu ya mchawi wa kike aliyetengenezwa kwa nyasi na matambara. Kila mtu anacheka. Mimi natoka nchi ambayo vikongwe wameuawa kweli kwa sababu ya macho mekundu, hivyo kicheko kilinikwama. Tuache hilo, ni la siku nyingine. Nililotaka kusema ni kwamba nilikaa pale mpaka usiku nikiangalia watoto wanaingia na kutoka majini kama bata, na wazazi wao wanapiga soga hawana wasiwasi. Hawana wasiwasi kwa sababu watoto wao WANAJUA kuogelea. Wamefundishwa shuleni, kama walivyofundishwa kusoma. Jirani zao wa Sweden wameandika kabisa kwenye mtaala: mtoto wa darasa la sita awe anaweza kuogelea mita 200, na 50 kati ya hizo akiwa chali. Iceland, nchi ya wavuvi waliozika ndugu wengi baharini, walilifanya somo la kuogelea kuwa la lazima tangu 1940. Mwaka huo, tukumbuke, Iceland haikuwa nchi tajiri.

Na msije mkaniambia Wazungu wamepewa maji safi na Mungu. Bandari ile ya Copenhagen ilikuwa mtaro. Kwa miaka mingi mvua kubwa ikinyesha majitaka ya jiji yalifurika humo, na viwanda navyo vikachangia. Wakachimba, wakajenga matangi makubwa ya kuyahifadhi yale majitaka ya mvua yasimwagike bandarini, wakafunga midomo ya mitaro mmoja baada ya mwingine. Hata leo ikinyesha sana na maji yakachafuka, kuogelea kunasimamishwa mpaka yasafike. Hawakusubiri mto wa peponi. Waliamua kwamba watu wa mji wana haki ya kuingia kwenye maji ya mji wao, na uamuzi huo ndio uliowalazimisha kuyasafisha.

Haya, turudi nyumbani.

Morogoro tunajiita Mji Kasoro Bahari. Jina zuri, linatupa kichwa. Tunalo jiji la milima, tunazo nyimbo (Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Salum Abdallah na Cuban Marimba), tunacho chuo cha Sokoine, na tangu Juni 2024 tunayo treni ya umeme inayowaleta watu wa Dar kupunga upepo wikiendi. Lililobaki ni bahari tu. Lakini hebu simama Kilakala asubuhi uangalie juu. Ile Lupanga inapita mita 2,100, na mawingu yanakwama pale karibu kila siku. Kila bonde la Uluguru lina kijito. Mto Ruvu, ambao watu wa Dar es Salaam wanaunywa, unaanzia kwenye milima hii hii. Kama kuna kitu tumejaliwa ni maji. Basi nionyesheni, katika mji huu wote, mahali PAMOJA ambapo mtoto asiye na pesa anaweza kujifunza kuogelea kwa usalama. Nasubiri.

Tulipokuwa wadogo tulikuwa na kidimbwi chetu. Kijito kikishuka kutoka juu kinapinda nyuma ya jiwe kubwa, maji yanajikusanya. Kiangazi yalikuwa yanatufika kifuani. Tulikuwa wavulana sita, tunavua mashati ya shule tunayaanika kwenye matawi ili nyumbani wasijue. Hakuna aliyekuwa anajua kuogelea. Tulikuwa tunajirusha na kushika jiwe.

Masika ya mwaka tuliokuwa darasa la nne, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha mlimani. Chini kwetu jua linawaka. Kidimbwi kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mwenzetu mmoja akatangulia. Sitalitaja jina lake, mama yake bado yupo, na kila nikipita ananiuliza habari za kazi. Alishika jiwe, jiwe likamponyoka. Alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Hatua kumi! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini sikuingia, kwa sababu hata mimi nilijua kwamba nikiingia tutakuwa wawili. Wakaja watu wazima, wanaume wenye nguvu zao, nao wakasimama pale pale niliposimama mimi. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Walimtoa kwa mwanzi mrefu baada ya muda ambao sitaki kuukadiria.

Tulichapwa wote watano tuliobaki. Hiyo ndiyo elimu ya maji tuliyopewa: fimbo, na amri ya kutokanyaga mtoni tena.

Miaka ikapita, nikawa mwandishi. Na sasa naungama. Ile habari nimeiandika mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mnaijua, ina aya nne. Mwanafunzi wa shule fulani amefariki dunia baada ya kuzama majini alipokuwa akiogelea na wenzake. Kamanda amethibitisha kutokea kwa tukio hilo. Mwili umekabidhiwa kwa ndugu kwa mazishi. Kamanda ametoa wito kwa wazazi na walezi kuwa makini na watoto wao hasa kipindi hiki cha mvua. Kwisha. Unaituma chumba cha habari, unakwenda kula chipsi.

Lile neno "akiogelea" ni uongo, na mimi nimelichapisha. Hakuwa akiogelea, maana hakujua kuogelea. Alikuwa akizama tangu alipoingia. Wala sijawahi, hata siku moja, kumuuliza kamanda au mwalimu mkuu au ofisa elimu yeyote: huyu mtoto nani alikuwa na wajibu wa kumfundisha? Lugha yetu yenyewe imejaa watu wa namna hii. Mfa maji haishi kutapatapa, tunasema, na tunasema kwa raha kabisa kana kwamba kutapatapa ndiyo namna pekee ya binadamu kuwa majini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, walio wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa ukatenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Sisi hatuhitaji hata takwimu za dunia. Tuna MV Bukoba, Mei 1996. Tuna Spice Islander, Septemba 2011. Tuna MV Nyerere, Septemba 2018. Kila mara tunalia, tunapeperusha bendera nusu mlingoti, tunazungumzia mizigo na abiria kupita kiasi, na ni sawa tuzungumze, maana aliyefungiwa ndani ya meli iliyopinduka kuogelea hakumsaidii. Lakini MV Nyerere ilipinduka ikiwa imebakiza mita chache tu kufika gati la Ukara. Zaidi ya watu 200 walikufa wakiona nchi kavu. Mimi hilo linaninyima usingizi. Nazijua zile hatua kumi.

Sasa najua mtakayosema, maana nimeshaambiwa yote tangu nirudi.

La kwanza: kuogelea ni mambo ya Wazungu. Kumbe? Kila mwaka, mwezi Julai, watu wa Makunduchi kusini mwa Unguja wanasherehekea Mwaka Kogwa. Jina lenyewe linatamka: mwaka unaogwa. Wanapigana kwa migomba, wanachoma kibanda, akina mama wanaimba, watu wanavaa nguo mpya, na kuogea mwaka baharini ni sehemu ya mila hiyo, kongwe kuliko bwawa lolote la hoteli. Na pale Nungwi, kaskazini, wanawake na wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea na mradi wa Panje wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Picha zao zilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, dunia nzima ikazitazama. Kwa hiyo lile la heshima na mavazi nalo limeshajibiwa na Wazanzibari wenyewe, siyo na mimi. Wasichana wetu wa Kilakala Sekondari pale kilimani wakifundishwa kuogelea maadili ya taifa yatabomoka? Acheni utani.

La pili: sheria ya mita 60. Hili nimeambiwa na ofisa mmoja kwa sauti ya kunifunga mdomo kabisa. Eti watoto wanafukuzwa mtoni kwa sababu sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Nikaenda kusoma. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazungumzia shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu uhifadhi wa mto. Mtoto aliyevua shati si shughuli ya kudumu! Ukuta wa zege ndiyo shughuli ya kudumu. Choo kinachomwaga mtoni ndiyo shughuli ya kudumu. Tembea ukingo wa mto wowote unaopita mjini, hesabu kuta, halafu uniambie nani amefukuzwa na nani amebaki.

Na hapa niseme waziwazi, nisije nikaeleweka vibaya. Juu ya matoleo ya maji ya kunywa hakuna kuogelea. Bwawa la Mindu, ambalo mji unalitegemea, tuliache. Msitu wa hifadhi wa Uluguru, uliotangazwa 2008, tuutunze kwa nguvu zote. Sina ugomvi na hilo. Ninagombana na akili inayodhani mto unalindwa kwa kuwafukuza watu mpaka waone si wao. Matokeo yake tunayaona. Vijito vinaingia mjini vikiwa kioo, vinatoka vikiwa vimebeba nepi, mifuko na chupa. Mama anayemwaga taka pale mwanawe hajawahi kuogelea pale, naye mwenyewe vilevile. Kwake ule ni mtaro wenye jina.

La tatu: kichocho. Hili ni la kweli, na silidharau. Minyoo ile inaishi kwenye konokono wa maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, na mtoto anayekojoa damu si jambo la mzaha. Ila jibu la kichocho ni bwawa safi lenye maji yanayotibiwa. Kusema "kuna kichocho" halafu usitoe mahali pengine ni kumwambia mtoto achague kati ya ugonjwa na joto, na Januari ya Morogoro wote tunaijua. Atachagua maji. Sisi tulichagua.

La nne ndilo linalonichefua kuliko yote: "Mabwawa yapo." Ndiyo, yapo. Yako nyuma ya kuta za hoteli. Jumamosi wageni wa treni wanashuka, wanalipa, wanapiga picha na glasi ya juisi. Sina kinyongo na starehe yao, nami nimeshazoea starehe za watu. Lakini kiingilio cha mtu mmoja ni pesa ya mboga ya siku kadhaa kwa nyumba nyingi za huku kwetu. Na sikukuu zetu za umma je? Agosti tunakwenda Nane Nane kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, kanda nzima ya mashariki inakuja, tunaangalia trekta, ng'ombe wa maziwa na mbegu bora, muziki unapigwa, vumbi linapanda. Napenda Nane Nane, msinielewe vibaya. Ila mji ulioweza kutenga kiwanja kikubwa kiasi kile kwa ajili ya kuangalia ng'ombe unaweza kutenga robo ekari kwa ajili ya watoto.

Nilimfuata diwani mmoja (si lazima wa kata yetu) nikamweleza. Akanisikiliza vizuri tu, akaniambia: "Ndugu mwandishi, tuna upungufu wa madawati." Yaani mtoto asipewe kuogelea mpaka madawati yatimie. Nikamuuliza madawati yatatimia lini, akaangalia saa.

Wala siombi Islands Brygge. Bangladesh, nchi ya vijiji na madimbwi, wamewafundisha watoto wengi sana kuogelea kwa kuweka jukwaa la mianzi ndani ya dimbwi la kijiji, lenye sakafu na uzio, na kijana wa hapo hapo aliyepewa mafunzo. Mianzi! Uluguru sisi tunakosa mianzi? Mwenzetu tulimtoa kwa mwanzi.

Manispaa ikijenga bwawa moja, dogo, la zege, kina cha kifuani, lenye maji yanayotibiwa na mwalimu wa kulipwa, kila shule ya msingi ikapata zamu yake, mimi nitaacha kelele. Mpaka hapo kila nitakapoandikiwa ujumbe kwamba kuna mtoto amekufa maji, swali la kwanza kwa mkubwa yeyote atakayepokea simu yangu litakuwa lile ambalo sikuwahi kuuliza. Nimeshaliuliza mara moja. Upande wa pili ukakata simu.

Sisi Waluguru mjomba ana nafasi yake, hawezi kukaa pembeni. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, umri ule ule. Mwezi huu nimeanza kumpeleka Jumamosi kwenye bwawa la hoteli moja. Ninachojua ni kuelea tu, basi namfundisha hicho hicho. Namshika kisogo, namwambia, mjomba legeza shingo, maji yatakubeba. Jumamosi iliyopita nilimwachia akabaki juu, macho ameyafumba, nikahesabu mpaka kumi na nne.

Tulipotoka getini tuliwakuta rafiki zake wawili wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wanamsubiri atusimulie ilikuwaje. Walikuja nasi kwa miguu tangu Kilakala. Pesa yangu ilitosha mtoto mmoja.